Jinsi Vita vya Mbali Vilivyofika Kwetu



Katika mazungumzo ya leo tumekusudia kujibu swali ambalo wanafunzi hutuuliza kila tunapofundisha habari za vita vikuu viwili vya dunia, vile vya 1914 hadi 1918, na vile vya 1939 hadi 1945. Swali lenyewe ni hili: Mataifa ya Ulaya yaligombana kwao, yawaje Msukuma wa Shinyanga, asiyemjua hata mmoja wao aliyeanza ugomvi, afe kwa ajili yake?

Wazee wamezoea kujibu kwa methali, kwamba wapiganapo tembo nyasi ndizo ziumiazo. Ni kweli, walakini methali hiyo haimalizi neno. Nyasi hukaa mahali pamoja, na tembo huzikuta pale pale. Sisi hatukukutwa tu. Tulikuwa tumefungwa kamba, na tembo walipokwenda vitani walituvuta pamoja nao. Basi yafaa tuzitazame kamba zile moja moja, tujue zilifungwa na nani.

Kamba ya kwanza ni maagano. Tarehe 28 Juni 1914, katika mji wa Sarajevo, kijana mmoja alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria. Austria ikailaumu Serbia, ikaipigia vita. Lakini Urusi ilikuwa mlinzi wa Serbia. Ujerumani ilikuwa imeagana na Austria. Na Ufaransa ilikuwa imeagana na Urusi. Wajerumani wakaingia Ubelgiji wapate njia ya kuifikia Ufaransa, na Uingereza ilikuwa imeahidi tangu zamani kwamba Ubelgiji usiguswe. Tarehe 4 Agosti Uingereza nayo ikaingia. Hazikupita hata siku arobaini tangu risasi ile moja. Kila taifa lilisema kwamba linatimiza ahadi yake, nalo lilisema kweli. Na ahadi zile zote pamoja zikawa moto.

Kamba ya pili ni kumilikiwa. Nchi hii wakati ule ilikuwa mali ya Wajerumani, wale ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Katika mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 mlikuwa na kifungu kilichoruhusu nchi za sehemu hizi za Afrika zisiingizwe vitani, hata kama wenye kuzitawala wangepigana Ulaya. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitaka kukishika kifungu kile. Lakini karatasi haikuweza kuzuia mizinga. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, ilipiga mizinga Dar es Salaam. Shabaha yake ilikuwa nini? Ilikuwa mlingoti wa simu ya upepo, kwa sababu mlingoti ule uliweza kupeleka habari kwa manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa baharini. Ninyi mnaotusikiliza kwa redio, kumbukeni kwamba vita katika nchi hii vilianza kwa mlingoti wa jamii hiyo hiyo.

Baada ya hapo kila jirani alivutwa kwa zamu yake. Tarehe 15 Agosti Wajerumani waliiteka Taveta, iliyo Kenya. Tarehe 22 meli yao iliipiga bandari ya Lukuga, upande wa Kongo, katika Ziwa Tanganyika. Na Wabelgiji, waliokuwa wametaka Kongo ikae kando, wakaingia vitani. Mwezi Novemba askari walioletwa kutoka Bara Hindi walishuka Tanga, wakashindwa huko. Mwaka 1916 Ureno ilizikamata meli za Kijerumani zilizokuwa katika bandari zake, kwa ombi la Waingereza. Ujerumani ikatangaza vita juu yake tarehe 9 Machi, na mpaka wa mto Ruvuma nao ukawa uwanja wa vita. Hakuna hata mmoja wa majirani hawa ambaye wenyeji wake waliulizwa shauri.

Kwetu Usukuma moto ulifika katika mwaka ule ule wa 1916. Tarehe 14 Julai Waingereza waliingia Mwanza, kisha wakashuka kupitia Usukuma kuelekea reli ya kati; na Wabelgiji wakitoka magharibi waliingia Tabora tarehe 19 Septemba. Kabla ya kuanguka Tabora, Wajerumani walikuwa wamekatiwa njia ya baharini, wala fedha kutoka kwao hazikufika tena. Basi walichukua dhahabu ya machimbo ya Sekenke, kule Iramba, wakaipeleka Tabora katika karakana ya reli, wakafua sarafu za rupia 15 zipatazo 16,000, zenye picha ya tembo. Angalieni jambo hili, ninyi mkaao karibu na machimbo ya Geita na ya Shinyanga. Vita vya watu wa mbali vililipiwa kwa dhahabu iliyotoka katika ardhi yetu, ikachimbwa kwa mikono yetu.

Lakini mali kubwa waliyoitwaa haikuwa dhahabu. Ilikuwa mabega ya watu. Katika nchi yenye ndorobo, farasi na ng'ombe wa mizigo walikufa. Magari yalikuwa machache na barabara hazikuwapo. Kila risasi na kila kibaba cha unga kilichukuliwa kichwani. Wanafunzi, tufanye hesabu. Tuseme mpagazi amechukua unga ratili 60, naye hula ratili 2 kwa siku. Akienda safari ya siku 10, na kurudi siku 10, amekula ratili 40 za mzigo wake mwenyewe. Zimebaki 20 tu, yaani chakula cha askari mmoja kwa siku 10. Basi kumlisha askari mmoja aliye mbali hivyo, wapagazi wawili hawana budi kuwa njiani daima. Na askari wakisogea mbele zaidi, safari ikawa siku 15 kwenda na 15 kurudi, mpagazi atakula mzigo wake wote asifikishe kitu. Ndipo mpagazi hupunguziwa chakula, naye huanza kufa.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa upande wa Waingereza peke yake, hesabu ya wapagazi waliokufa katika vita vile hukadiriwa kupita 90,000, na wengi wao waliuawa na kuhara, homa, njaa na baridi, si risasi. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni ukumbusho wao, kwa maana latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Na waliobaki nyumbani hawakupona. Huko Ugogo majeshi yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana. Mvua zilipokosekana hapakuwa na akiba wala mikono ya kulima, na kati ya 1917 na 1920 ikaja njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Kisha ikafuata homa kali ya mafua ya mwaka 1918, iliyoenea duniani kote kwa njia zile zile za majeshi na meli.

Vita vilipokwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, huku kwetu vilikuwa bado. Jemadari wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba, siku 14 baadaye. Ndipo wakubwa wakakaa kugawana. Ruanda na Urundi zikapewa Ubelgiji, kipande cha Kionga kikapewa Ureno, na sehemu kubwa ikawekwa mikononi mwa Uingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, ikaitwa Tanganyika. Katika mabaraza yale hapakuwa na mjumbe hata mmoja wa watu wa nchi hii. Mipaka tuliyoifundisha watoto wetu kuichora ilikatwa hivyo.

Sasa twaja kwenye kamba ya tatu, ambayo ni biashara. Nayo ilionekana zaidi katika vita vya pili. Mwezi Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Polandi, Uingereza na Ufaransa zikaingia. Juni 1940 Italia ikaingia, nayo ilikuwa na Somalia na Uhabeshi; kwa hiyo askari wa Keya walikwenda kupigana huko. Desemba 1941 Japani iliishambulia Marekani, kisha ikaziteka Malaya na visiwa vya Ufilipino. Msikilizaji ataniuliza, Ufilipino na Tanganyika zina habari gani? Zina habari kubwa. Katika visiwa vile zilitoka nyuzi za kusokotea kamba za meli, na huko Malaya ulitoka mpira wa magurudumu. Nchi hizo zilipopotea, mkonge wa Tanganyika na mpira wa mashamba ya zamani ya Wajerumani vilitakiwa upesi. Amri ikashuka kutoka Serikalini hata kwa mtemi, kutoka kwa mtemi hata kwa mwanangwa, na kutoka kwa mwanangwa hata mlangoni. Na watu wakapelekwa mashambani kwa lazima. Hapa jirani yetu Mwadui, almasi alizozigundua John Williamson mwaka 1940 zilitafutwa sana, kwa kuwa viwanda vya silaha hukatia chuma kwa almasi.

Katika vita vile zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika walichukuliwa jeshini. Wengine walifika Madagaska mwaka 1942, na wengine Burma mwaka 1944, wakipita misitu na matope kuwafukuza Wajapani. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa karibu na visiwa vya Maldivi na manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Wala tusidhani kwamba ni sisi peke yetu tuliovutwa kwenda mbali. Wapoli, ambao nchi yao ndiyo iliyoshambuliwa kwanza, walihamishwa na Warusi hata Siberia, wakapitia Uajemi, na tangu mwaka 1942 wanawake na watoto wao wapatao 5,000 waliletwa Tengeru, chini ya Mlima Meru. Wengine walizikwa huko huko. Mtoto wa Polandi alilala Tengeru wakati mtoto wa Tanganyika alipolala Burma, na hakuna kati yao aliyeyachagua mambo hayo.

Je, yote yalikuwa hasara? Yatupasa kusema kweli. Baada ya vita vya pili, Umoja wa Mataifa ulichukua mahali pa Shirikisho la zamani, na tangu mwaka 1946 Tanganyika ikawa nchi ya udhamini. Maana yake ni kwamba mtawala alipaswa kutoa hesabu mbele ya wengine, na wenyeji waliruhusiwa kupeleka malalamiko. Kwa mlango huo Mwalimu Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, New York, mwezi Machi 1955, akaitetea nchi yake. Na tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikapata uhuru. Karatasi iliyoandikwa ili tugawanywe ilitumiwa na watu wetu kudai haki. Lakini mtu asiseme kwamba vita ndivyo vilivyotuletea uhuru. Uhuru waliuleta watu walioisoma karatasi ile wakajua ina nini ndani yake.

Basi, wasikilizaji wetu, twajifunza nini? Kwanza, kamba hazijakatika. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, bei za mafuta, ngano na mbolea zilipanda hata huku kwetu. Hatuwezi kuishi bila biashara wala bila marafiki. Lakini kijiji chenye ghala iliyojaa huvutwa polepole kuliko kijiji kisicho na akiba. Pili, ahadi zinazotiwa sahihi kwa jina letu ni mambo yetu. Atakayeulizwa siku ya kulipa na aulize siku ya kuagana.

Tatu, tusiwasahau waliolipa. Mwaka 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu mengi ya Waafrika waliokufa katika vita vya kwanza hawakuandikiwa majina yao popote. Serikali haziwezi tena kuyapata yote. Lakini majina mengine bado yako katika nyumba zetu. Nanyi, vijana wa shule, hii ndiyo kazi yenu. Nendeni kwa bibi na babu, mkaulize: Ni nani wa ukoo wetu aliyekwenda asirudi? Alikwenda mwaka gani, akachukuliwa na nani, akaonekana wapi mara ya mwisho? Andikeni katika daftari kwa wino, mkalihifadhi. Mtu aliyechukua mzigo wa wengine hata akafa chini yake, haki yake ya mwisho ni kutajwa kwa jina.