Siku Mbili Loughborough, Mji wa Gulio

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Manyamanyama)



Mkulima wa pamba wa Manyamanyama akilisikia jina la Loughborough huenda akauliza: mji huo wa Uingereza una nini na gunia langu? Swali ni la haki, wala halifai kupuuzwa. Loughborough ni mji wa gulio, na gulio lake lilipewa hati ya kifalme mwaka 1221. Hadi leo watu wanauza na kununua katika uwanja ulio katikati ya mji ule ule. Tena, ni jirani na mji huo ambako Paul Bomani, aliyezaliwa Musoma mwaka 1925 na kusoma Ikizu, alikwenda mwaka 1953 kujifunza ushirika. Kwa hiyo kuna njia kutoka Bunda kufika Loughborough, na ilikwisha pitwa na mtu wa huku.

Mji wenyewe si mkubwa. Uko katika jimbo la Leicestershire, katikati ya Uingereza, na treni kutoka London huufikia kwa muda wa kama saa moja na nusu. Mtu aliyeko Uingereza kwa masomo, kwa mkutano, au kwa kumtembelea mwanawe, anaweza kuuona vizuri kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Lakini afike Ijumaa jioni. Siku za gulio ni Alhamisi na Jumamosi, na mwenye kuchelewa kuamka Jumamosi atakuwa ameikosa nusu ya safari yake.

Asubuhi ya Jumamosi meza za wauzaji hupangwa kwa safu katika uwanja ulio mbele ya Ukumbi wa Mji. Kuna mboga, matunda, mayai, jibini, maua, vitambaa na nguo. Ukumbi huo ulijengwa mwaka 1855, nao zamani ulikuwa pia soko la nafaka: mkulima alileta sampuli ya ngano yake, mnunuzi akaitazama kiganjani, wakapatana bei. Mgeni kutoka Mara hatashangazwa na kelele wala msongamano, maana mnada wa nyumbani una mengi kuliko hayo. Atakachofaa kukitazama ni mizani. Kila muuzaji wa mboga anayo, nayo hugeuzwa upande ambao mnunuzi anaweza kusoma. Bei huandikwa kwa kilo juu ya kila fungu. Wapo maofisa wa serikali za mitaa ambao kazi yao ni kukagua vipimo hivyo, kama wafanyavyo hapa watu wa Wakala wa Vipimo.

Desturi hiyo ina historia ndefu, tena ya ugomvi. Mwaka 1215, miaka sita tu kabla ya Loughborough kupata hati yake, wakuu wa Uingereza walimlazimisha Mfalme John kuitia muhuri hati iitwayo Magna Carta. Wengi huikumbuka kwa mambo ya sheria na uhuru. Wachache hukumbuka kwamba kifungu chake cha 35 kinataka kipimo kimoja cha divai, kimoja cha pombe na kimoja cha nafaka katika ufalme wote. Watu waliokuwa na ugomvi mkubwa na mfalme wao hawakuona kishindo cha pishi na ratili kuwa jambo dogo la kuachwa nje.

Hati ya gulio nayo haikuwa karatasi ya mapambo. Ilitaja siku, na siku hiyo ikawa ahadi. Mkulima wa kijiji cha mbali alijua kwamba akitembea usiku kucha na mzigo wake, atakuta gulio lipo na wanunuzi wamekuja. Makatibu wanafahamu vema taabu ya jambo hili kwa upande wa pili. Mkulima anaambiwa chama kitanunua Jumanne. Anakodi mkokoteni, anafika, anaelezwa kwamba fedha hazijafika au magunia yamekwisha, arudi Ijumaa. Nauli ya mkokoteni hailipwi na mtu. Ijumaa akipita mnunuzi wa kichochoroni na fedha mkononi, gunia hilo halitaonekana tena chamani, na katibu ataandika katika taarifa yake kwamba wanachama hawana uaminifu.

Katika magulio ya Uingereza palikuwa pia na mahakama ndogo ambazo jina lake lilitokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya miguu yenye vumbi. Ziliitwa hivyo kwa kuwa zilikuwa za wasafiri, watu waliokuja na vumbi miguuni na ambao kesho hawatakuwapo. Shauri juu ya kipimo, deni au bidhaa mbovu lilisikilizwa na kukatwa upesi, mara nyingi siku ile ile, kabla mtu hajafunga mizigo yake. Mahakama hizo zilikwisha kufutwa katika sheria, lakini fikra yake haijazeeka. Lalamiko la kilo mbili likisikilizwa pale pale penye mizani, mbele ya watu walioona, humalizika kwa dakika kumi. Likiahirishwa hadi mkutano mkuu huwa lalamiko la magunia mawili, na likifika mwaka wa pili huwa chuki ya ukoo mzima.

Karibu na meza za gulio ipo sanamu ya shaba ya mtu aliyeketi, naye anaitazama soksi aliyovaa mguuni. Wenyeji huiita Soksi tu. Iliwekwa kuukumbuka ufumaji wa soksi uliowalisha watu wa mji huo kwa miaka mingi. Mkulima wa pamba na acheke akipenda, lakini asiipite bila kufikiri. Kilo ya pamba mbegu ina safari ndefu kabla haijafika mguuni mwa mtu, na katika kila kituo cha safari hiyo yupo anayepata zaidi ya aliyelima.

Ufumaji huo ulileta pia siku mbaya. Usiku wa tarehe 28 Juni 1816 watu wenye silaha walikivamia kiwanda cha lesi cha John Heathcoat mjini humo wakavunja mashine zaidi ya hamsini. Walikuwa wa kundi lililojulikana kwa jina la Luddites, wafumaji waliohofu kwamba mashine na ujira wa chini vitawaua kwa njaa. Baadhi yao walinyongwa. Heathcoat akahamisha kazi yake hadi Tiverton, kusini-magharibi mwa nchi, na mji ukapoteza kiwanda na watu pamoja. Miaka 28 baadaye, mwaka 1844, wafanyakazi wa Rochdale, ambao wengi walikuwa wafumaji, walikutana na shida ya namna hiyo wakachagua njia nyingine: watu 28 walichanga pauni moja kila mmoja wakafungua duka. Kila katibu hapa ameisoma habari hiyo chuoni au semina.

Alasiri ya Jumamosi inafaa kwa kiwanda cha kengele cha John Taylor, chenye makumbusho yake ndani. Ni vema kuuliza mapema siku za kufunguliwa. Ukoo wa Taylor ulianza kusubu kengele Loughborough mwaka 1839. Mwaka 1881 walisubu kengele iitwayo Great Paul, yenye uzito wa zaidi ya tani 16, kwa ajili ya kanisa kuu la Mtakatifu Paulo la London. Kinachovutia zaidi ukubwa wake ni namna kengele inavyosahihishwa sauti. Ikishapoa hupinduliwa mdomo juu, kisha fundi huparura chuma kidogo kidogo kutoka ndani, anapima sauti, anaparura tena. Akizidisha hana la kufanya, maana kilichotoka hakirudi. Karani mwenye tabia ya kufuta tarakimu daftarini kwa wembe angefaa apelekwe kule wiki moja.

Jumapili mji hutulia. Katika bustani ya Queen's Park upo mnara wa kengele uliofunguliwa mwaka 1923 kuwakumbuka watu wa mji waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Una kengele 47, zote za kiwanda hicho hicho, na kengele kubwa kuliko zote ilitolewa kuwakumbuka vijana watatu wa ukoo wa Taylor waliouawa vitani. Nchi hii pia ilitoa watu katika vita hiyo, wapagazi wasiohesabika, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Ipo pia reli ya zamani iendayo kwa mvuke, Great Central Railway. Njia kuu hiyo ilifungwa mwaka 1969, lakini wapenzi wa reli walikataa ing'olewe yote. Wakajichangisha, na sehemu ya kutoka Loughborough hadi ukingoni mwa Leicester inakwenda hadi leo. Kazi nyingi, tangu kutia makaa hadi kukata tiketi, hufanywa na watu wa kujitolea. Katika vyama ambavyo akidi ya mkutano hupatikana saa nane mchana kwa mkutano ulioitwa saa tatu asubuhi, habari hii ingefaa kubandikwa ukutani.

Na kwa kuwa mazungumzo haya ni ya safari, ni haki kumtaja Thomas Cook. Tarehe 5 Julai 1841 seremala huyo, mpinzani wa ulevi, alikodi treni akawapeleka watu wapatao mia tano kutoka Leicester hadi Loughborough kwa mkutano wa kupinga pombe. Kila mmoja alilipa shilingi moja, kwenda na kurudi. Kutokana na safari hiyo fupi ilikua kampuni ya utalii iliyojulikana dunia nzima. Mwezi Septemba 2019 ilianguka kwa madeni, ikiwaacha wasafiri wake katika nchi za watu. Vyama vikuu vya nchi hii vilivyoelemewa na mikopo ya benki havikuwa peke yao duniani.

Mwisho wa safari uko nje kidogo ya mji, katika kijiji cha Stanford on Soar. Hapo lipo jumba kubwa liitwalo Stanford Hall, ambalo lilikuwa Chuo cha Ushirika tangu mwaka 1945 hadi 2001. Watu wa Afrika Mashariki walikiita kwa jina la mji: Loughborough. Sasa jumba hilo ni mahali pa kuwatibu na kuwarudisha katika hali njema askari waliojeruhiwa, kazi iliyoanza hapo mwaka 2018, kwa hiyo mgeni hawezi kuingia apendavyo. Elimu iliyofuatwa huko inapatikana nyumbani tangu mwaka 1963, kilipoanzishwa Chuo cha Ushirika Moshi, ambacho leo ni Chuo Kikuu.

Bomani hakwenda Stanford Hall akiwa mgeni wa mambo. Alikuwa amekwisha kufanya kazi ya ukatibu katika chama cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, na alikwisha kuona jambo lililowaunguza wakulima wa Kanda ya Ziwa kuliko bei: mizani. Miaka ile pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara, na mkulima hakuwa na njia ya kujua kama uzito aliosomewa ndio aliouleta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakachagua wapimaji wao wenyewe. Watu hao walisimama kando ya mizani ya mnunuzi, wakasoma uzito kwa macho yao, na ujira wao ulitoka mifukoni mwa wakulima. Kutokana na kazi hiyo chama cha wakulima kilipata nguvu, vyama vya msingi vikaenea, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Bomani akiwa meneja. Kabla ya uhuru wa mwaka 1961 pamba yote ya kanda ilikuwa ikipita mikononi mwa ushirika.

Hapa ndipo neno la leo linapowahusu makatibu kwa karibu. Mpimaji wa wakulima alikuwa wa lazima kwa sababu mizani ilikuwa ya mtu mwingine. Chama kiliponunua mizani yake, ilionekana hahitajiki tena, kwa kuwa mizani ni ya wanachama wenyewe. Hoja hiyo ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Katika ukaguzi wa vyama, malalamiko ya wanachama bado huanzia palepale: gunia lililokatwa uzito kupita kiasi, kilo zilizosomwa na karani peke yake huku mizani ikiwa imegeuziwa ukuta, stakabadhi iliyoandikwa jioni baada ya mkulima kuondoka. Karani mwaminifu naye huumia, maana hana shahidi wa uaminifu wake.

Si lazima mtu asafiri hadi Leicestershire kulitengeneza hilo. Sheria haimzuii mwanachama kusoma mizani ya chama chake, na mawe ya kujaribia mizani yaliyothibitishwa na Wakala wa Vipimo yanaweza kuwekwa juu yake kila asubuhi, mbele ya wakulima watatu wa kwanza kufika. Linalobaki ni la kuingizwa katika ajenda za mkutano mkuu kabla ya msimu kufunguliwa: ni nani, asiye karani wala mjumbe wa kamati, atakayesimama kando ya mizani, atabadilishwa baada ya siku ngapi, na ujira wake utatoka katika fungu gani.