Watuulize mbele ya kutupangia



Kolera inajua njia ya kwetu. Inarudi kandokando ya Ziwa Moero, tunazika watu, kisha wanatuletea mabango yale yale: chemsheni maji, naweni mikono. Siye hatukatai. Lakini nani aliuliza mvuvi, kule kambini, makala ya kuchemsha maji anayapata wapi? Nani aliuliza mama anakataa maji ya klore ju ya nini: harufu, ao maneno aliyosikia?

Tukumbuke Beni na Butembo. Ebola ilitangazwa kule tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Familia zilishuku mazishi: mwili uko ndani kweli, ao wameiba viungo? Wavolontere wa Msalaba Mwekundu hawakucheka. Waliandika maneno yale, na wakaanza kutumia mifuko ya maiti inayoonyesha ndani. Hofu ya watu ilikuwa habari, haikuwa ujinga.

Basi tunadai: mbele ya kuchapa bango moja, zoni ya afya na mashirika washuke kambini, sokoni na makanisani. Wasikilize. Wajaribu ujumbe kwa watu wachache, wasahihishe, ndipo waueneze. Siye vijana tumesoma, tunakaa bila kazi, na luga za hapa tunazijua. Watutume kuuliza.

Na jibu likipatikana, lirudishwe kwa wenye kulitoa. Kwetu, hapa Pweto.