Maandalizi ya Ujauzito kwa Mwanamke Mwenye Kifafa



Kiswahili kimeyapa maradhi mawili jina moja, na jambo hilo huleta mkanganyiko wa hatari. Kifafa ni maradhi ya ubongo ambayo mtu aweza kuishi nayo tangu utotoni. Kifafa cha mimba hutokana na shinikizo kubwa la damu, aghalabu baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, na humpata hata mwanamke asiyewahi kuanguka maishani mwake. Mwenye kifafa hakatazwi kuzaa, na wengi hujifungua watoto wazima. Lakini akianguka mimba ikiwa kubwa, asiachwe nyumbani kwa kudhaniwa kuwa ni ugonjwa wake wa siku zote. Apelekwe kituoni papo hapo, apimwe shinikizo la damu na mkojo.

Linalohitaji maelezo marefu zaidi ni dawa. Wapo wanaoacha vidonge mara wanapokosa hedhi, wakihofia kumdhuru mtoto. Hofu hiyo ina ukweli ndani yake, ila dawa ikikatizwa ghafla mama huweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na hapo maisha ya wote wawili huwa hatarini. Dawa zenyewe hazifanani. Sodiamu valproeti ndiyo yenye madhara makubwa zaidi: takribani mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni mama akiitumia huzaliwa na kasoro ya maumbile, na 3 au 4 kati ya 10 huchelewa kusema, kutembea au kujifunza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasiandikiwe dawa hiyo. Lamotrijini na levetirasetamu ni salama zaidi, ingawa hazipatikani katika kila kituo. Kubadilisha dawa huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Hivyo tabibu aonwe kabla ya mimba. Aliyekwisha kushika mimba naye asiache dawa kwa uamuzi wake, bali amwone tabibu bila kuchelewa.

Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati ambao wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Kwa sababu hiyo foliki asidi, kwa kawaida miligramu 5 kwa siku kwa mwenye kifafa, huanzwa miezi mitatu kabla, kwa maelekezo ya tabibu. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki vina kiwango kidogo kuliko hicho.

Asiye tayari kuzaa naye aulize: karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na vijiti. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haviathiriki.

Siku ya kliniki mume afuatane na mkewe, wakiwa na paketi za dawa zote anazotumia, na wapange mapema kujifungulia hospitali. Mtoto akizaliwa, anyonyeshwe, abadilishwe nguo juu ya mkeka sakafuni, na mama asimwogeshe akiwa peke yake.