Foleni Mbili, Bomba Moja: Dereva na Leni Iliyofungwa

Walimu wenzangu wa udereva, madereva wa daladala na malori mlioacha hesabu ya leo ili mje hapa, na ninyi wasimamizi wa kazi za barabara mliokaa kule nyuma karibu na mlango,

Nimepewa dakika ishirini nizungumzie jambo ambalo dereva hulimaliza kwa sekunde mbili. Leni moja imefungwa, magari yote yanatakiwa kupita kwenye leni iliyobaki. Nani atangulie?

Wakati wa upanuzi wa Barabara ya Morogoro, zile kilomita 19.2 za Kimara hadi Kibaha zilipokuwa zikigeuzwa kuwa njia nane, nilikuwa na mwanafunzi kwenye gari la kujifunzia, dada mmoja mtu mzima, makini sana. Kabla ya kufika Mbezi tukakuta kibao: leni ya kulia imefungwa mbele. Koni zenyewe zilikuwa bado hazionekani. Dada akawasha indiketa, akahamia kushoto, akasimama nyuma ya lori la kokoto. Leni ya kulia ikabaki tupu. Tukakaa. Baada ya muda Coaster moja ikapita kulia kwetu, taratibu tu, ikaenda mpaka kwenye koni na kuingia. Dada akasonya. Ilipopita ya pili akaniuliza, "Mwalimu, hawa si wanachomekea?" Nikamjibu ndiyo, wanachomekea, usiwaige.

Nilimfundisha vibaya, na ndiyo sababu nikakubali kuandika mada hii.

Ukitaka kujua kwa nini mwalimu na mwanafunzi wake walikubaliana haraka hivyo kwenye kosa, nenda bombani mtaa ukikosa maji siku tatu. Ndoo zimepangwa mstari. Mwenye ndoo ameenda kubandika maharage, lakini ndoo yake imemshikia nafasi, na hakuna wa kuisogeza. Anayekuja na ndoo yake akaitanguliza mbele atasikia maneno ambayo siwezi kuyasema kwenye ukumbi huu. Neno foleni lilitujia kutoka kwenye amri ya kijeshi ya Kiingereza ya kujipanga mstari. Sisi tumeligeuza kuwa adabu. Aliyetangulia kufika atangulie kuchota. Ni sheria nzuri, nami nimelelewa nayo.

Ila bombani mstari ni mmoja. Barabarani mhandisi amechora miwili, na yote miwili ni halali mpaka koni ya kwanza. Tuseme bombani ingekuwa hivyo, mstari mmoja wa ndoo umetokea upande wa msikitini na mwingine upande wa sokoni, bomba liko katikati. Mzee yeyote wa mtaa angeamua bila kikao: ndoo ya huku, ndoo ya kule. Hakuna ambaye angewaambia watu wa sokoni wahamie wote upande wa msikitini tangu nusu kilomita nyuma, kisha awaite wezi wale wachache waliobaki walikokuwa.

Hapa lazima nitenganishe maneno, nisije nikanukuliwa kesho mbele ya trafiki. Kutanua ni kujitengenezea leni isiyokuwapo: kupita pembezoni kwenye vumbi, kupita upande wa wanaokuja, kuingia njia ya mabasi yaendayo haraka. Wenzetu wa Nairobi husema kuovalapu. Hilo ni kosa na litabaki kosa. Semina hii haimpi mtu ruhusa ya kutanua. Kuchomekea ni kumlazimisha mwenzako afunge breki kwa sababu umepachika pua ya gari lako pasipo nafasi. Kwenda na leni yako iliyo wazi mpaka mwisho wake na kupokea zamu yako pale ni jambo la tatu, nasi hatujawahi kulipa jina. Wajerumani na Waholanzi wamelipa jina la zipu, kwa sababu meno ya zipu hufunga moja la kulia, moja la kushoto. Mimi nitasema kuingia kwa zamu.

Sasa hesabu. Chukua magari 200 yaliyo kwenye foleni. Kila gari, pamoja na mwanya wake wa mbele, lichukue mita 8. Yakijipanga leni moja, foleni ina mita 1,600. Yakijaza leni mbili, ina mita 800. Magari ni yaleyale na koni ni zilezile, lakini zile mita 800 za nyongeza zimeziba makutano, zimeziba kituo cha daladala, zimemkamata mtu anayekata kona kwenda Goba ambaye hana habari na koni zetu. Idara ya Uchukuzi ya jimbo la Minnesota, Marekani, ambayo imewahimiza madereva wake kuingia kwa zamu kwa miaka mingi, husema foleni hupungua urefu kwa hadi asilimia 40.

Lakini tusidanganyane: zamu haipanui tundu, yaani ile leni iliyobaki kwenye koni. Mwongozo wa wahandisi wa Marekani wa mwaka 2000 huikadiria leni moja kwenye eneo la matengenezo ya muda mfupi kuwa hupitisha magari 1,600 kwa saa. Ni gari moja kila baada ya sekunde mbili na robo. Ukishafika hapo, hata madereva wote wawe malaika, hamtapita wengi zaidi. Tunachoweza kufanya ni kutoliharibu tundu lenyewe. Tuseme kila anayeingia anabishana na jirani, huyu anasogea, yule anafunga, wote wanashika breki, kisha mmoja anaondoka kwa hasira. Mwanya ukifika sekunde nne, leni ileile inapitisha magari 900. Yaliyobaki yameliwa na ubishi.

Faida ya pili wala haihitaji kalamu. Leni moja ikiwa imesimama na ya pili ni tupu, gari linalopita linakuja na mwendo wa 60 ubavuni mwa watu wasiosogea. Mmoja aliyechoka anakata usukani ghafla kutoka kwenye foleni. Bodaboda naye yuko katikati yao. Leni zote mbili zikijaa na kwenda mwendo mmoja wa konokono, hakuna wa kumpita mwenzake, na hakuna cha kuonea wivu.

Kuna aina ya dereva ninayemheshimu kwa nia yake na kumlaumu kwa kazi yake. Huyu hukalia mstari katikati ya leni mbili na lori lake ili asipite mtu. Amejiajiri uaskari. Anadhani analinda foleni, kumbe ameihamisha koni ya kwanza na kuiweka mita mia nne nyuma, mahali ambapo mkandarasi hakuifunga barabara.

Na mmemtazama konda wa daladala anavyoomba njia? Hategemei indiketa. Anatoa mkono wote dirishani, kiganja kimetazama chini, vidole vinapigapiga hewa polepole kama anayembembeleza mtoto alale. Akipewa, anainua dole gumba, anagonga bodi mara mbili: "Twende suka, katupa!" Nampenda konda huyu. Kazi yake inaonyesha kwamba madereva wetu wanajua kupeana nafasi wakitazamana usoni. Tatizo hutokea nyuma yake. Daladala ya pili huganda mkiani mwa ile ya kwanza na kuingia nayo kwa dole gumba lilelile, ya tatu nayo inafuata. Aliyetoa nafasi ya gari moja amenyang'anywa nafasi tatu, na kesho hatatoa hata moja. Zipu yenye meno mawili mfululizo upande mmoja haifungi.

Kwa hiyo walimu, tufundisheje? Aliye kwenye leni inayofungwa abaki humo, awashe indiketa mapema, alinganishe mwendo wake na wa leni ya jirani, na achague gari atakaloingia nyuma yake. Nasisitiza nyuma yake. Mwanafunzi anayetafuta wa kuingia mbele yake huwaza vita. Anayetafuta wa kumfuata huwaza zamu. Aliye kwenye leni inayoendelea aanze kuacha nafasi ya gari moja tangu anapoziona koni. Gari moja tu. Yule mkarimu anayepitisha matano huku akipunga mkono amegawa zamu za watu walio nyuma yake bila kuwauliza. Lori lenye tela ni jino moja, hata kama ni jino refu. Na zamu haimwondolei anayehama wajibu wa kutazama kioo na kugeuza shingo. Akigonga, asiseme ilikuwa zamu yangu.

Yote haya ni ya foleni. Barabara ikiwa nyeupe, magari yanakwenda 80, ukaona kibao cha leni kufungwa, hama mapema, mara upatapo mwanya salama. Kwa mwendo huo unakula mita 22 kila sekunde, na kukimbilia koni ili uingie kwa zamu ni kutafuta jeneza. Kanuni ya 134 ya kitabu cha barabarani cha Uingereza inasema wazi kwamba kuingia kwa zamu kunafaa pale magari yanapokwenda mwendo mdogo sana, kama kwenye matengenezo au ajali, na hakupendekezwi kwenye mwendo mkubwa. Ujerumani wamekwenda mbali zaidi. Kifungu cha 7 cha kanuni zao za barabarani kinamtaka aliye kwenye leni inayoendelea awaruhusu wengine kuingia mmojammoja, tena mara tu kabla ya barabara kuanza kubana. Ubelgiji walilifanya kuwa la lazima Machi 2014. Katika nchi hizo mbili za mwisho anayehama karibu na koni hasonywi. Asiyempa nafasi ndiye mwenye kosa.

Sasa wale wa karibu na mlango. Dereva hawezi kuingia kwa zamu mahali ambapo hajui leni inaishia wapi. Nimekuta koni nne zimepangwa mkingamo kama goli la watoto, mita kumi baada ya kona, na tawi la mwarobaini likiwa ndilo kibao cha tahadhari. Koni zinatakiwa zilale mshazari, ziisukume leni kidogo kidogo. Kanuni ya Wamarekani ya kupima mshazari huo, kwa leni ya mita 3.5, inatoa takriban mita 56 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo chetu mijini, na mita 175 kwa mwendo wa 80. Pimeni wenyewe kesho kazini. Na vibao viseme jambo dereva analoweza kulifanya. Kibao cha MCHEPUKO hapa kwetu huleta vicheko kabla ya kuleta tahadhari, na kile cha POLE KWA USUMBUFU hakimwambii mtu akae leni gani. Waingereza huweka nyuma kibao kinachowataka walio kwenye foleni watumie leni zote mbili, na kwenye koni kingine cha kuingia kwa zamu. Kwetu vingetosha viwili: TUMIA LENI ZOTE pale foleni inapoanzia, na INGIA KWA ZAMU pale koni zinapoanzia.

Trafiki naye, akiwapo, tumwombe asiite leni moja dakika tano na nyingine dakika tano. Kila anapogeuza, safu nzima inaanza upya kutoka gia ya kwanza, na tundu linakaa tupu likisubiri lori lipande mwendo.

Ninachowaomba walimu wenzangu hakihitaji bajeti. Koni kumi na mbili, uwanja wa shule, magari mawili ya kujifunzia yanayoingia kwa kupokezana, nusu saa kabla mwanafunzi hajapelekwa barabara kuu. Anayekaa kiti cha abiria ashuke asimame kwenye koni, aone kwa macho yake jinsi gari linaloganda mkiani linavyoharibu zamu.

Yule dada wa Barabara ya Morogoro alifaulu mtihani wake na sasa anaendesha gari lake mwenyewe. Kwa nilivyomfundisha, bado anahama mapema, bado anasonya, nami sina namna ya kumrudisha darasani. Wanafunzi mtakaowapakia Jumatatu hamjawaambia neno bado. Anzeni na hao.