Jiko la Krismasi nalo ni darasa



Krismasi inabisha hodi. Shule zimefungwa, mabasi ya mikoani yamejaa, na mitaani muziki unapigwa mpaka usiku wa manane. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo furaha ya sikukuu. Lakini zipo nyumba zinazoisubiri kwa hofu. Ni nyumba zenye mtoto mwenye usonji, ambaye sauti, harufu na mguso humwingia kwa nguvu kuliko awezavyo kustahimili. Baadhi ya watoto hawa husomea nyumbani kwa kuwa shule ya kuwamudu haikupatikana. Mwalimu ni mama, na Desemba mama huyo huyo ndiye mpishi na mpokea wageni. Basi masomo yanawekwa kando, mazoezi yanaachwa, na Januari kazi inaanza upya.

Si lazima iwe hivyo. Kazi za sikukuu zenyewe zinaweza kuwa mazoezi, na tena zinaweza kuwa somo.

Mwaka 1972, A. Jean Ayres, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, alichapisha kitabu kuhusu namna ubongo unavyopanga habari ziletwazo na milango ya fahamu. Sisi tulifundishwa milango mitano. Yeye alitilia mkazo na mingine: ule wa mizani ya mwili, ulio ndani ya sikio, na ule wa misuli na viungo, unaotujulisha mkono uko wapi hata tukifumba macho. Ndiyo maana wataalamu hawa humpa mtoto kazi za kusukuma, kuvuta, kubeba na kufinyanga, ambazo huwasaidia baadhi ya watoto kutulia.

Sasa tazama jikoni kwako. Kukanda unga wa chapati ni kufinyanga. Kutwanga bizari ya pilau kwenye kinu ni kazi ya misuli. Kukamua tui, kubeba ndoo isiyojaa, kusukuma meza ili pafagiliwe, yote ni yale yale. Kuchambua mchele huzoeza vidole na macho. Hesabu imo humo: vikombe vingapi vya unga, chapati ngapi kwa watu wanane? Kusoma kumo pia: mpe orodha ya sokoni, yenye picha kama hajajua herufi.

Usimpe kazi ya kutwa nzima. Robo saa asubuhi, robo saa mchana na robo saa jioni, kwa saa zile zile kila siku, yatosha. Mtoto wa namna hii hushikilia ratiba kama kipofu ashikavyo fimbo. Mchoree siku za wiki ukutani, na siku ya wageni uiwekee alama mapema. Awe mbali na moto na kisu, na mdogo asiachwe peke yake na maharage, maana huishia puani.

Tahadhari moja. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilieleza kwamba ushahidi wa tiba hii bado ni mdogo, na kwamba itumike kama sehemu tu ya mpango mzima wa kumsaidia mtoto. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kuwa usonji huponywa kwa kukanda unga. Kipimo ni mtoto mwenyewe. Akitulia, endelea. Akilia au akiziba masikio, acha.

Kuna na nguo mpya. Gauni la lesi ngumu na lebo shingoni kwake ni kama upupu. Ifue mara mbili tatu, kata lebo, aizoee kidogo kidogo kabla ya siku yenyewe. Kanisani kaeni karibu na mlango, mbali na vipaza sauti vya kwaya. Na fataki zikianza, awe na chumba kimoja kimya cha kukimbilia.

Lakini kukimbilia si kufichwa. Wapo wanaomfungia mtoto chumba cha uani wageni wakija, kwa kuona haya. Wapo na mashangazi wanaomlazimisha kukumbatiwa, na akipiga kelele wanasema hakufunzwa adabu, aletewe kiboko. Ndugu zangu, kiboko hakilifundishi sikio kuvumilia kelele. Waambie wageni mapema: msalimieni kwa mkono, asipotaka mwacheni. Kisha wanapokula, waelezeni nani aliyetwanga bizari ile.

Mtoto huyu ni wa nyumba hii, na sikukuu ni yake pia.