Ukikimbia Karema, Mpishe Kiboko
Msikilizaji wa Karema na Ikola, kukimbia kando ya Ziwa Tanganyika kunajenga mwili, ila chagua njia na saa. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, hurudi alfajiri, saa ileile wakimbiaji wanapofunga kamba za viatu. Ukiwa kati yake na maji, umemziba njia. Na mbio zake hufika kilomita 30 kwa saa. Humwezi, hata uwe bingwa wa wilaya! Subiri jua litoke. Shika barabara ya kijiji, ukitazamana na magari yanayokuja. Ukiona nyasi zimelazwa na kinyesi kimetapakaa, geuza. Na jasho usilinawie kwenye matete. Mamba naye yupo. Wa Mpanda mjini, nyie jihadharini na bodaboda.