Mkataba ni Kama Katiba: Usome Kabla Hujasaini

(Haya ndiyo niliyosema kwenye semina ya vijana wasanii wa chama. Nayaweka hapa kwa ambao hawakufika.)

Nimeambiwa nina dakika kumi, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mimi ni mchoraji. Nikiwa na miaka 23 alinifuata jamaa wa wakala mmoja, suti safi, maneno matamu. Akasema atanitafutia soko Ulaya. Akanipa laki tatu na karatasi mbili za Kiingereza. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili. Nikasaini palepale, nikamshukuru kabisa.

Miaka miwili baadaye mshkaji akanitumia picha ya kava la simu. Juu yake upo mchoro wangu wa wavuvi wa Feri. Nikampigia jamaa. Akanijibu, "Kasome mkataba wako, kaka." Nikausoma, kwa mara ya kwanza. Unasema nimehamisha haki zote, dunia nzima, kwa muda wote wa hakimiliki. Kwa sheria yetu ya 1999, muda huo ni uhai wangu wote na miaka 50 baada ya kufa. Yaani nilikula na cha wajukuu zangu, kwa laki tatu.

Kwa hiyo la kwanza: leseni ni kupangisha nyumba, kuhamisha haki ni kuuza nyumba. Wakala wa kweli anakutafutia wapangaji, hati inabaki kwako. Ukiona "nahamisha haki zote", weka kalamu chini.

La pili, mjue ni nani. Tafuta jina la kampuni yake BRELA. Akisema anakusanya mirabaha kwa niaba ya wasanii wengi, nenda COSOTA ukaulize kama wanamtambua. Halafu ongea na wasanii alionao, ila watafute mwenyewe. Usiridhike na wale wawili aliokuchagulia yeye.

La tatu, anakulaje? Wakala mzuri anakula ukila. Akitaka "ada ya usajili" kabla hajauza chochote, kimbia. Wenzetu Ulaya na Marekani wapo mawakala wanaochukua hadi nusu, kwa hiyo asilimia peke yake isikutishe. Uliza: asilimia ya nini? Tupige hesabu. Kampuni imeuza mabegi 1,000 yenye mchoro wako, bei ya jumla 10,000. Hiyo ni milioni kumi. Mrabaha asilimia 5, ni laki tano. Wakala achukue asilimia 40, wewe unabaki na laki tatu. Sasa mkataba ukisema "baada ya gharama", na yeye akaandika gharama laki tatu za nauli na chakula, mnagawana laki mbili. Wewe unaondoka na 120,000. Mabegi ni yaleyale. Gharama ziwe na kikomo, tena kwa maandishi.

La nne, hesabu. Sisi kila mwaka ripoti ya CAG ikitoka tunakesha tunaichambua. Mbona kwenye jasho letu hatudai ukaguzi? Mkataba useme utapata taarifa ya mauzo kila miezi mitatu, na una haki ya kukagua vitabu. Wakala akinuna ukimtajia ukaguzi, ameshakujibu.

La tano, mlango wa kutokea. Mchoro upi, bidhaa gani, nchi zipi, miaka mingapi? Miaka miwili inatosha kumjua mtu. Na mkataba ukiisha, haki zote zirudi kwako bila kubembelezana.

Jingine dogo. Mtu akikuahidi atakulindia "mtindo" wako, anakudanganya. Mzee Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, na mtindo wake unachorwa na wengi. Sheria inalinda mchoro, hailindi mtindo. Na mchoro wako unalindwa tangu ulipoutengeneza. Kuusajili COSOTA kunakupa ushahidi siku ya kesi.

Kuna dada aliniuliza hapa: sasa kaka, kama nina njaa? Swali zuri, kwa sababu mimi sikusaini kwa ujinga, nilisaini kwa njaa. Jibu langu: usisaini siku ileile. Sema unaenda kuusoma na mwenzako. Humu ndani tuna wanasheria, watusaidie kusoma hizo karatasi. Asiyekuruhusu kuondoka na nakala ya mkataba hafai hata kukukopesha mwamvuli.

La mwisho litawauma viongozi wangu, mnisamehe. Kampeni iliyopita, tawi letu lilichukua mchoro wa kamanda mwenzetu mtandaoni, likachapa fulana. Hakuulizwa. Alipolalamika tukamwambia ni mchango wake kwa harakati. Mimi pia nilivaa ile fulana, nikanyamaza. Makamanda, mchango ni kile mtu anachotoa mwenyewe. Kilichochukuliwa bila kuulizwa tunajua jina lake, kila siku tunaliimba majukwaani.

Naomba tawi limlipe yule kijana, na kuanzia leo chama kiombe ruhusa kwa maandishi. Hatuwezi kudai Katiba Mpya huku tunashindwa kuandikiana karatasi moja na mchoraji wetu.

Mwenye mkataba mfukoni, tubaki nyuma tuusome.